Mwanga unaoonekana Ghuba ya Speke ni nyota, na ina jina

Mhariri,

Barua ya msomaji mliyoichapisha wiki iliyopita kuhusu "mwanga wa ajabu" juu ya Ziwa Victoria imesomwa sana huku Kayenze, mwalo wetu wa kutia mitumbwi hapa Mwanza. Gazeti moja lilipita mikononi mwa mwalo mzima, na wasiojua kusoma walisomewa na watoto wao. Naomba nafasi kwenye ukurasa uleule niijibu, na kama inawezekana kichwa cha habari kiwe cha ukubwa uleule, maana yaliyofuata baada ya barua ile si mambo madogo.

Mwanga ule ni nyota. Inaitwa Capella. Ilikuwapo mwaka jana mwezi kama huu, ilikuwapo babu zetu wakivua kwa zana zao za zamani, na mwakani itakuwapo palepale.

Simlaumu aliyeandika. Tena nampongeza, kwa sababu ni mtu anayejua kutazama. Alisema mwanga huo unajitokeza kaskazini mashariki, juu ya maji, kuanzia kama saa mbili usiku, tangu mwishoni mwa Novemba. Alisema ukiwa chini unabadilika rangi, mara mwekundu, mara kijani, mara buluu. Alisema haukati anga kwa haraka kama ndege bali unapanda polepole, na ikifika saa saba usiku unakuwa kaskazini kabisa, usawa wa Ukerewe, umetulia na umebaki na rangi moja ya njano hafifu. Yote hayo ni kweli. Yalivyo sahihi hivyo ndiyo maana mtu anayezifahamu nyota hahitaji hata kutoka nje ili ajue kinachozungumzwa. Alipokosea ni mwishoni, pale alipouliza kama ni doria inatumia ndege zisizo na rubani au kama "kuna watu wanatuma kitu". Na maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyoshikwa na watu. Mengine yote wameyaacha.

Mimi ni fundi wa taa za uvuvi. Enzi za karabai kazi yangu ilikuwa kubadilisha utambi, kuzibua nozeli na kuweka washa mpya ya ngozi kwenye pampu. Siku hizi nachaji betri, nafunga paneli za sola na kubadilisha balbu za taa zinazoelea. Kazi yangu ni mwanga wa usiku, na wateja wangu wote wanaishi kwa giza. Asiyevua dagaa huenda halijui hili, kwa hiyo nalieleza: dagaa huvuliwa kwa taa, na taa hufanya kazi vizuri mwezi usipokuwapo. Mbalamwezi ikishika, dagaa hawakusanyiki kwenye taa, mitumbwi hupumzika na vijana hushona nyavu. Kwa hiyo kila mwezi kuna usiku kadhaa tu wa giza zuri, na ndani ya usiku huo ndipo mvuvi anatafuta ada ya mtoto, kodi ya chumba na deni la mafuta ya injini.

Barua yenu ilitoka giza likiwa limeiva. Kuna mitumbwi ambayo vijana wake walikataa kuingia majini. Tajiri alikuja mwaloni na kuwasihi, wakakataa. Mmoja alisema hawezi kwenda kuvua chini ya kitu kinachomtazama. Taa nilizokuwa nimezichaji zilibaki zimepangwa kwangu hadi asubuhi, zimejaa moto na hazina kazi. Hasara hiyo nimeiona kwa macho yangu, lakini sikuchukua kalamu kwa ajili ya hasara.

Nimeandika kwa ajili ya bibi mmoja jirani yetu. Ni mjane, anaishi peke yake karibu na maji, na anakausha dagaa kwenye kichanja kidogo anachokisimamia mwenyewe. Nyumba yake iko upande ule ambao mwanga unachomozea, na macho yake ni mekundu. Mwanamke yeyote aliyepikia kuni mbichi na kinyesi cha ng'ombe tangu usichana wake atakuwa na macho mekundu. Baada ya gazeti kusomwa, nikaanza kusikia jina lake likitajwa mahali ambapo hapo awali halikutajwa: kwenye kibanda cha chai, kwenye foleni ya kuchaji simu, kwa akina mama wanaosubiri mitumbwi asubuhi. Hakuna aliyesema neno zito. Walilitaja jina, wakanyamaza, wakatazama ziwani.

Ndugu mhariri, wewe na wasomaji wako wa Kanda ya Ziwa mnajua tabia hiyo inaishia wapi. Mwanza, Shinyanga, Geita, Simiyu, kote huku tumezika vikongwe waliokatwa mapanga wakiitwa wachawi kwa sababu ya rangi ya macho yao na kwa sababu ya neno lililoanza taratibu hivyohivyo.

Nilikwenda kumwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, ng'wanawane. Eti ni kweli nimeandikwa kwenye gazeti?"

Nikamwambia hakuandikwa, gazeti liliandika habari za mwanga tu. Akageuza dagaa upande mmoja wa kichanja, akageuza na upande wa pili, ndipo akaniuliza, "Sasa mbona wajukuu wa watu hawapiti tena hapa?"

Jioni ile nilichukua miti miwili mirefu nikaenda nayo ufukweni. Mmoja niliuchomeka mchangani karibu na maji, mwingine nikauchomeka nyuma yake hatua kama kumi. Nikawaita vijana wale waliokataa kwenda kuvua, nikawaambia wangoje pamoja nami. Mwanga ulipojitokeza tulisogeza mti wa nyuma mpaka ile miti miwili na mwanga vikawa kwenye mstari mmoja. Kijana mmoja aliangalia saa kwenye simu yake, nikamwambia aiandike. Kesho yake tukarudi. Mwanga ulitokea palepale kati ya ile miti, ila mapema kidogo. Keshokutwa vilevile, mapema tena. Wiki ilipokwisha ulikuwa unatokea karibu nusu saa kabla ya saa iliyoandikwa siku ya kwanza, na haukuhama mahali pake hata kwa upana wa mti.

Hivyo ndivyo nyota zote zinavyofanya. Kila nyota huchomoza dakika nne hivi mapema kuliko jana yake, kwa sababu Dunia inajizungusha yenyewe na wakati huohuo inalizunguka Jua. Dakika nne kwa siku ni saa mbili kwa mwezi, na saa mbili kwa mwezi ni siku nzima kwa mwaka. Hakuna mwenye ndege ya kuongozwa anayeweza kuirusha usiku baada ya usiku kutoka pembe ileile, mapema kwa dakika nne kamili, bila kukosea. Na hakuna mchawi mwenye saa ya namna hiyo. Kijana aliyekuwa anaandika alinitazama akasema, "Fundi, kwa hiyo mwezi ujao giza likiingia itakuwa imeshapanda?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi ngoja tuone." Hilo ndilo jibu nililolitaka. Sikutaka aniamini mimi. Nilitaka aisubiri nyota.

Sasa kuhusu zile rangi, maana ndizo zilizotisha watu kuliko yote. Capella haibadiliki rangi. Kinachobadilika ni hewa iliyo kati yetu na yenyewe. Nyota ikiwa chini, karibu na maji, mwanga wake unapita kwenye hewa nyingi sana kabla haujafika machoni, na hewa ya ziwani usiku haikai sawa. Ardhi inapoa haraka jua likizama, maji yanabaki na joto lake, upepo wa nchi kavu unaanza kuelekea ziwani, na tabaka za hewa baridi na ya moto zinapishana. Kila tabaka linaupinda mwanga, na linapinda rangi moja zaidi kidogo ya nyingine. Ndipo jicho linapata nyekundu mara hii, kijani mara ile. Nyota ikishapanda, hewa ya kupita inakuwa kidogo, na rangi zinatulia. Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote za usiku, nayo huchezacheza hivyohivyo inapochomoza, ila yenyewe iko mashariki ikielekea kusini. Sayari kama Mshtarii (Jupita) hazimetimeti kiasi hicho. Na taa ya mvuvi mwenzako kule mbali hukaa na rangi moja, ikipanda na kushuka pamoja na wimbi.

Nina darubini ndogo ya macho mawili niliyoipata kwenye mitumba. Niliwapa vijana waitumie. Capella haikui ndani ya darubini ya namna hiyo, inabaki nukta. Lakini kuna jambo moja ambalo mtu yeyote mwenye darubini anaweza kulifanya: ukiwa umeilenga nyota, zungusha gurudumu la kurekebishia mpaka ukungu uingie kidogo. Nukta inatanuka inakuwa duara dogo, na rangi yake halisi inaonekana. Capella inakuwa njano inayoelekea dhahabu. Ukigeukia zile nyota tatu zilizopangana mstari, utaona nyekundu iliyo upande mmoja wao, Betelgeuse, na upande wa pili Rigel yenye weupe wa buluu. Vijana waliigombania ile darubini mpaka nikaogopa itaanguka majini.

Wakauliza kwa nini zinatofautiana. Kwa fundi taa swali hilo ni jepesi. Balbu ya waya ikipewa betri iliyochoka, waya unakuwa mwekundu. Ukiipa betri iliyojaa, unakuwa wa njano unaokaribia weupe. Rangi inasema joto. Capella ni ya njano kwa sababu joto la uso wake linakaribia lile la Jua letu. Jua lina kama nyuzijoto 5,500 za Sentigredi usoni. Capella ina mbili, moja kama 4,700, nyingine karibu 5,450.

Nimesema mbili, na hapa ndipo mambo yanapokuwa makubwa. Ile nukta moja tunayoiona ni nyota mbili, tena zote ni majitu ya njano. Moja ina upana unaokaribia mara 12 ya Jua, ya pili kama mara 9. Kila moja ina uzito wa Jua mara mbili na nusu hivi. Moja inatoa mwanga unaokaribia wa majua 80, nyingine unaozidi kidogo majua 70. Zinazungukana kwa siku 104, zikiwa zimeachana kwa kama kilomita milioni 110, yaani karibu sawa na umbali kati ya Zuhura na Jua. Zipo na nyota nyingine mbili ndogo nyekundu zinazoambatana nazo kwa mbali sana, hizo jicho haliwezi kuziona.

Hakuna jicho wala darubini ya kawaida inayoweza kuyatenganisha majitu hayo mawili. Waliogundua walitumia njia nyingine. Mwaka 1899, William Wallace Campbell wa Lick Observatory huko California, na Hugh Newall wa Cambridge, kila mmoja kwa upande wake, waliutawanya mwanga wa Capella hadi rangi zake zote zikaonekana. Ndani ya rangi zile kuna mistari myembamba ya giza. Wakaiona mistari inasogea na kurudi, usiku kwa usiku, kwa mpangilio usiovunjika. Mistari ya namna hiyo husogea chanzo cha mwanga kinapokuja kwetu au kinapoondoka kwetu. Wakajua pale kuna miili miwili inayozungukana. Miaka kama ishirini baadaye, kati ya 1919 na 1920, John Anderson alitumia darubini kubwa ya Mount Wilson, yenye kioo cha upana wa mita mbili na nusu, akaunganisha miale kutoka pande mbili za kioo hicho na kuweza kupima nafasi iliyo kati ya nyota zile. Kwangu mimi kazi ya watu hao inapendeza kuliko hadithi yoyote ya mwanga wa kutumwa. Walitazama nukta ileile tunayoitazama sisi, bila kuikaribia hata hatua moja, wakaipima uzito.

Kwa nini zimekuwa majitu? Kwa sababu zimekula mafuta yake mapema. Nyota huwaka kwa kuunganisha haidrojeni kuwa heliamu katikati yake. Nyota nzito ina mafuta mengi, lakini inayateketeza kwa kasi kubwa zaidi, kwa hiyo haidumu. Nyota hizi zina umri wa kama miaka milioni 600, wakati Jua letu lina miaka bilioni 4.6 na bado halijamaliza. Haidrojeni ya katikati ikiisha, kiini kinajikaza na kupata moto zaidi, na tabaka za nje zinatanuka na kupoa. Hapo nyota inakuwa jitu. Kati ya hizo mbili, moja imeshafika mbali, imeanza kuichoma ile heliamu iliyokuwa imebaki. Nyingine iko njiani, inatanuka, na hatua hiyo hupita haraka kwa hesabu za nyota. Kwa hiyo kila anayeitazama Capella anatazama hatua mbili za maisha ya nyota kwa mara moja, zimekaa pamoja.

Jua letu nalo litatanuka siku moja, baada ya kama miaka bilioni tano. Kijana mmoja aliposikia hivyo alishtuka kuliko alivyoshtushwa na barua ya gazeti. Nikamwambia akalale, ada ya muhula ujao inakuja kabla ya hapo.

Kingine kilichowashangaza ni umbali. Mwanga hukimbia kama kilomita 300,000 kwa sekunde. Kutoka Juani unatufikia kwa dakika nane hivi. Kutoka Capella unachukua miaka 43. Maana yake ule mwanga waliouogopa vijana wangu uliondoka huko kabla wao wenyewe hawajazaliwa, kabla Mwalimu hajang'atuka mwaka 1985, wakati ambapo sangara ndiyo kwanza anaanza kujaa kwenye nyavu za upande wetu wa ziwa na wazee wanabishana kama analiwa au haliwi. Umesafiri muda wote huo. Hakuna mtu wa Kayenze aliyeutuma. Bibi yangu yule hakuutuma. Mwanga ulipoanza safari, yeye alikuwa mama mwenye watoto mgongoni, na hakuwa na habari ya nyota ya njano kama ambavyo leo hana.

Nawaeleza wasomaji watakavyoifuata ili kila mmoja ajihakikishie mwenyewe. Hapa Mwanza tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, na ziwa liko kaskazini mwetu, kwa hiyo Capella muda wake wote inapita upande wa maji. Inachomoza kaskazini mashariki na kuzama kaskazini magharibi. Haifiki utosini. Hata ikiwa juu kabisa inabaki chini kidogo ya nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini, ukinyoosha mkono ni kama ngumi nne zilizopangwa juu ya nyingine kutoka majini. Mwezi huu wa Desemba utaiona ikiwa chini mara giza linapoingia, kushoto kwa Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo, na chini yake. Januari giza litaikuta imeshapanda. Mwanzoni mwa Februari, saa tatu usiku, itakuwa kaskazini barabara, juu ya Ukerewe. Baada ya hapo kila wiki utaikuta imeinamia zaidi magharibi. Mei inazama mapema usiku, na Juni hutaiona kwa sababu iko upande mmoja na Jua. Kisha Julai wanaorudi kutoka kuvua alfajiri wataiona tena kaskazini mashariki, inachomoza upya mbele ya jua.

Nalieleza hili la Julai nikiwa na wasiwasi. Nisipolisema leo, kuna mtu ataiona alfajiri moja akitoka majini amechoka, ikimetameta nyekundu na kijani juu ya maji, na tutaanza tena. Safari hiyo huenda kichanja kitakachotazamwa kikawa cha mwingine, mahali pengine, Igombe au Nansio au Majita, mahali ambapo hakuna fundi mwenye miti miwili.

Ndiyo maana nina ombi kwenu. Mnachapisha bei za nafaka, ratiba za meli, matokeo ya mpira hadi ya ligi za nje. Chapisheni na anga. Haihitaji ukurasa. Nafasi ya upana wa vidole vinne, mara moja kwa mwezi, inatosha: mwezi utaandama lini na utajaa lini, giza la kuvulia linaanza siku gani, sayari gani inaonekana jioni na ipi alfajiri, na nyota gani kubwa inachomoza upande gani. Hayo yote yanajulikana miaka mingi kabla, yamekwisha kupigiwa hesabu. Mwalimu yeyote wa jiografia mwenye simu na programu ya nyota anaweza kuwaandalia. Mvuvi atalinunua gazeti kwa ajili ya giza, na atakuwa amesoma na nyota. Nawahakikishia kipande hicho kitakatwa na kubandikwa kwenye kila kibanda cha kuchaji taa kuanzia hapa hadi Ukerewe. Changu nitakibandika mlangoni.

Ombi la pili ni kwa walimu wa shule zetu za kandokando ya ziwa. Watoto wanafundishwa mfumo wa jua darasani, mchana, kwa mchoro wa ubaoni. Wanajua idadi ya sayari, na jioni wanatembea kurudi nyumbani chini ya Mshtarii wasijue ndio huo. Mtoto akitolewa nje jioni moja tu akaonyeshwa nyota tatu za mstari, Kilimia, Sirius na Capella, akaambiwa arudi baada ya wiki aone zimesogea kiasi gani, atakayoyaona hatayasahau, na siku akisikia mtu mzima anasema kuna kitu kimetumwa ziwani, atamjibu. Kwetu ni mtoto wa darasa la sita aliyewaambia wenzake kwenye kisima kwamba ule mwanga unaitwa Capella. Alisikia kwa kaka yake, yule aliyekuwa anaandika saa kwenye simu. Kuanzia hapo wajukuu wa watu walianza kupita tena kwa bibi, mmoja mmoja, kwanza wale wakorofi.

Ombi la tatu ni la haraka kuliko hayo mawili, nalo ni kwako wewe mhariri. Kabla hamjachapisha habari nyingine ya mwanga, moto au kivuli kilichoonekana ziwani, mwulizeni mtu mmoja anayezijua nyota. Chuo kikuu kipo Mwanza, walimu wa fizikia wapo, na mitandao ipo mikononi mwa waandishi wenu. Swali moja la simu linachukua dakika chache. Kichwa cha habari mlichokiweka kilikuwa na neno "ajabu", na neno hilo lilipofika kwetu halikubaki gazetini.

Mitumbwi imerudi majini, ingawa kuna mmoja ambao vijana wake bado wanasema wangoje giza lijalo. Nimewaachia ile miti miwili palepale mchangani, na nimewaomba wanaovuta makokoro wasiing'oe. Aliyeandika barua ile ya kwanza, kama anasoma hii, namkaribisha Kayenze. Jicho lake ni zuri na ningependa kulitumia. Aje jioni yoyote ambayo mwezi haupo, afike kabla ya saa mbili, aulizie kwa fundi taa. Darubini ipo. Aje na koti, upepo wa nchi kavu ukianza kuna baridi kule majini.

Fundi wa taa za uvuvi,
Kayenze, Ilemela,
Mwanza